Ukitaka Kufungua Tena: Vidokezo kwa Wenye Hoteli, Baa na Madele ya Kahawa Mombasa

Tarehe 6 Mei 2020, saa moja jioni, Mji wa Kale ulifungwa kwa sababu ya korona. Kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa imekwisha kufungwa tangu tarehe 8 Aprili, lakini mara hii amri ilikuwa kali zaidi: haingii mtu Mji wa Kale wala hatoki, na hoteli za chakula zifunge milango. Idi ya mwezi ule ikapita bila baraza. Amri iliondolewa tarehe 6 Juni, na ile ya kaunti ikafuata tarehe 7 Julai. Wenye baa walingoja hadi tarehe 28 Septemba. Kafyu ya usiku nayo haikuondoka mpaka Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021.

Hayo yamepita, na kwa nini tuyarudie? Kwa sababu mahali pa kula na kunywa hufungwa mara kwa mara. Leo ni kipindupindu, kesho ni ukarabati, keshokutwa mwenyewe anaugua miezi mitatu. Na maradhi ya kuambukiza hayajaisha duniani. Kila anayefungua baada ya kufunga huvutwa na vitu vinavyoonekana: rangi mpya, bango, chupa ya kitakasa mikono mlangoni. Navyo ni vizuri, ila vije mwisho. Ushauri wangu ni uanze na maji, kisha hewa, kisha watu. Ukivipata hivyo vitatu, mengine yatajipanga.

1. Yamwage maji yaliyolala

Maji ya mfereji huwekwa klorini, na klorini hupotea maji yakikaa. Mabomba yakinyamaza wiki sita katika joto letu, ndani yake hukua utando wa vijidudu. Miongoni mwao yumo legionela, bakteria anayependa maji ya uvuguvugu na anayeleta homa ya mapafu mtu akivuta matone madogo ya maji hayo. Kisiwani hatari hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Maji yetu hutoka mbali, chemchemi za Mzima zikiwa zaidi ya kilomita 200, nayo huja kwa zamu. Kwa hiyo kila mwenye hoteli ana tangi juu ya paa au chini ya sakafu, na tangi ndipo maji hulala.

Fungua madirisha, kisha fungua mifereji yote mmoja mmoja, wa jikoni, wa chooni na wa kunawia, uache maji yatoke mpaka yawe safi na baridi kiasi. Usiinamie mfereji huku yanaruka. Halafu panda kwenye tangi. Mwaga yaliyomo, sugua kuta na chini, suuza, jaza upya. Tangi la lita 1,000 linataka takriban lita 1 na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Fungua kila mfereji mpaka unuse klorini, ufunge, uache usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, suuza, jaza maji ya kutumia. Maji ya usiku huo hayanywewi wala hayapikiwi.

Barafu iliyobaki kwenye friza itupe. Na ikiwa unategemea mkokoteni wa maji, muulize muuzaji anateka wapi. Visima vingi vya Mji wa Kale vina chumvi na viko karibu mno na vyoo. Maji yake yafaa kudeki, hayafai sharubati ya ukwaju.

2. Gesi na umeme: chumvi haikulala

Wewe ulifunga, hewa ya bahari iliendelea na kazi yake. Regyuleta ya mtungi wa gesi hushika kutu, mpira wake hukauka na kupasuka, na panya hupenda kutafuna nyaya za friji kukiwa kimya. Pakaza povu la sabuni kwenye maungio ya gesi, ufungue mtungi, uangalie mapovu. Yakivimba, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Mpira wa gesi ni bei rahisi. Nunua mpya bila kufikiri mara mbili. Umeme mwachie fundi, na umlipe akague kila soketi kabla hujawasha friza.

3. Usionee huruma unga

Unga wenye fukusi, mafuta yanayonuka, viungo vilivyoshika unyevu, nyama iliyokaa kwenye friza ambayo hujui umeme wake ulikatika mara ngapi: tupa. Najua inauma, hasa mtu anapofungua akiwa na madeni. Lakini mteja mmoja akitapika wiki ya kwanza, mtaa mzima utajua kabla ya Isha.

4. Choma udi uone hewa inakwenda wapi

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Miezi ya mwanzo ya korona tulipangusa kila kitu: meza, vitasa, hata mifuko ya mboga. Baadaye ikajulikana kwamba njia kubwa ya ugonjwa ule ni hewa tunayovuta pamoja ndani ya chumba kilichofungwa. Kisa kimoja cha Guangzhou, Uchina, kinafaa kila mwenye mkahawa akijue. Januari 2020 familia tatu zilikula chakula cha mchana kwenye meza zilizopakana, ndani ya mkahawa usio na dirisha. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ile ile kati ya meza hizo. Watu 10 wa familia hizo wakaugua. Wahudumu hakuugua hata mmoja, wala wateja wa meza nyingine.

Kiyoyozi cha ukutani, kile cha kawaida tunachonunua, hakileti hewa mpya. Kinachukua hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mteja anahisi baridi na kudhani hewa ni safi.

Basi fanya hivi. Kabla hujapanga meza, washa udi katikati ya chumba, kaa kimya uangalie moshi. Usifuate harufu, maana harufu hushika mapazia; fuata moshi wenyewe. Ukielekea dirishani na kutoka, umebarikiwa. Ukipanda na kuning'inia chini ya dari, hapo ndipo pumzi za wateja wako zitakapokaa pia. Hamisha kitezo pembe hadi pembe. Utashangaa kuona chumba kile kile kina pembe nzuri na pembe mbaya, na pengine meza uliyokuwa ukiwapa wageni wa heshima ndiyo iliyoko kwenye pembe mbaya.

Waliojenga Mji wa Kale hawakuwa na viyoyozi. Walijenga kuta nene za matumbawe zizuie joto, wakaacha ua wa ndani hewa moto ipandie humo, wakaweka roshani za mbao zenye nafasi za kupitisha upepo, na barazani wakajenga kiti cha mawe mtu akae nje. Sisi tuliokuja nyuma tumeziba ua kwa mabati, tumeshusha dari, na madirisha ya juu tumeyapigilia mbao. Bandua. Mara nyingi dawa ya hewa iko nyuma ya ubao uliopigiliwa na mpangaji aliyekutangulia. Penye dirisha moja tu, weka feni ndani ya dirisha ikitazama nje, isukume hewa chafu itoke, na mlango wa mbele uachwe wazi ulete nyingine.

Tahadhari moja: usivunje ukuta kutafuta dirisha jipya kabla ya kupita ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Eneo hili linalindwa kisheria, na ukuta wa matumbawe ukitobolewa ovyo huweza kukuangukia.

Na kumbuka majira. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi hivi, karibu kila mtu hufungua madirisha kwa hiari. Mtihani huja Mei na Juni, kusi na mvua zake, watu wanapofunga kila kitu. Kumbuka Mji wa Kale ulifunguliwa Juni, wakati huo huo. Weka vipaa vidogo juu ya madirisha yako ili mvua isikulazimishe kuyafunga.

5. Meza chache, na njia iachwe wazi

Masharti ya mwaka 2020 yalitaka mita 1.5 kati ya mteja na mteja. Ukifuata hilo katika vyumba vyetu vidogo, unabaki na nusu ya viti. Wengi waliona hasara, nami naelewa. Lakini upande wa pili una baraza. Toa viti nje, panga upande mmoja wa ukuta, mwambie jirani mapema, na uulize kaunti kama unahitaji kibali. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Mkokoteni lazima upite, jeneza lazima lipite, na mgonjwa akibebwa kwenda kwenye gari asikwame kwenye meza zako.

6. Mfanyakazi mgonjwa abaki nyumbani, na alipwe

Huu ndio ushauri ambao mabosi wengi hawapendi kuusikia. Mpishi anayejua kwamba akikosa siku moja halipwi, atakuja na homa yake, atakohoa juu ya mahamri, na atakuambia ni vumbi. Utamlaumu bure. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Mwambie hivyo siku ya kwanza, mbele ya wenzake wote, ili asione haya kuidai haki yake.

Vyeti vya afya vya wanaoshika chakula hudumu miezi 6. Mlipofunga, vya wengi vilikufa. Vihuishe kabla ya kufungua, pamoja na leseni ya biashara, na mwalike afisa wa afya ya umma aje atazame wewe ukiwa bado umefunga. Anayekuja kwa mwaliko hukushauri, na unarekebisha bila wateja kutazama.

Halafu fikiria wanakokwenda wakitoka. Wengi hukaa Likoni na Mtongwe, na njia yao ni feri. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa kwenye foleni ya Likoni wakijaribu kurudi makwao walirushiwa mabomu ya machozi na kupigwa hata kabla saa haijafika. Kukiwa na kafyu, hesabu yako ya kufunga ianzie kivukoni, irudi nyuma mpaka jikoni. Kukiwa hakuna, wagawe kwa zamu mbili zisizokutana, ili mmoja akiugua usifunge duka zima.

7. Dawa za kusafishia hazichanganywi

Klorini na dawa ya choo yenye asidi, au klorini na siki, zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Choo cha hoteli ni chumba kidogo. Kijana anaweza kuanguka humo. Dawa moja kwa wakati mmoja, mlango wazi.

Kwa meza na vitasa, osha kwa sabuni kwanza, kisha pangusa kwa klorini iliyozimuliwa mpaka asilimia 0.1. Ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, ni kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 34 vya maji. Changanya upya kila siku, maana nguvu yake hupungua. Na usimpulizie mtu. Yale mambo ya kumnyunyizia mteja dawa mlangoni hayamkingi na chochote, na yanamuumiza macho.

8. Kwa wenye baa na keg

Ndani ya Mji wa Kale wenyewe baa ni chache. Lakini kisiwa ni kipana, na ndugu zetu wa baa walikaa miezi sita na zaidi mlango umefungwa. Tarehe 27 Julai 2020 hata hoteli za chakula zilikatazwa kuuza pombe, na baa zilipofunguliwa mwisho wa Septemba, mwisho ulikuwa saa nne usiku.

Keg iliyokaa miezi hiyo haiuziki. Mrudishie msambazaji au imwagwe mbele yake, muandikiane. Vimirija vinavyoleta bia hadi kwenye bomba hushika ukungu na utando wa hamira. Vioshwe kwa dawa yake maalumu, visuuzwe kwa maji mengi mpaka dawa yote itoke, na baada ya hapo vioshwe kila wiki mbili. Dawa hiyo ni kali, hubabua ngozi, kwa hiyo glavu na miwani. Vichwa vya bomba vifunguliwe na kusuguliwa kwa mkono.

Mtungi wa kaboni dioksidi wanaousahau wengi ndio unaoua. Gesi hiyo ni nzito, haina harufu, na ikivuja hujaa chini ya chumba kisicho na dirisha. Stoo iliyofungwa miezi sita usiingie peke yako. Fungua mlango, ngoja ipate hewa, mwenzako asimame nje. Ukisikia kichwa kinakuzunguka, toka.

Jingine ni muziki. Punguza sauti. Mtu anayepiga kelele ili asikike hutoa matone mengi kuliko anayezungumza polepole, na muziki mkubwa huwafanya watu wakaribiane vinywa na masikio. Muziki wa chini ni kinga isiyokugharimu hata shilingi.

9. Malipo

Weka namba ya till mahali panapoonekana. Katikati ya Machi 2020 Safaricom iliondoa kwa muda ada ya kutuma kwa simu shilingi 1,000 kushuka chini, na wengi waliozoea wakati huo hawajarudi kwenye noti. Anayeshika pesa asishike mkate.

10. Fungua robo kwanza

Wiki ya kwanza uza vya kubeba tu: viazi karai, bhajia, mbaazi na mahamri ya asubuhi. Jiko litaonyesha kasoro zake bila wateja kukaa ndani. Wiki ya pili fungua baraza. Ndani iwe mwisho. Waambie wateja wako wa siku zote saa zako mpya, na uzishike. Mtu aliyekuja mara mbili akakuta kufuli huenda kwa jirani na hukaa huko.

Sinki la kunawa liwe mlangoni, na maji yawe ya kutiririka. Hili kwetu halihitaji somo refu. Mgeni kumiminiwa maji ya birika mikononi kabla ya kula ni adabu ya nyumba za hapa tangu zamani. Mrudishie kijana mmoja kazi hiyo, na sabuni juu yake, wateja watakupenda.

11. Vikombe vya kahawa tungu

Nimemweka mwisho mzee wa kahawa kwa sababu kila orodha ya masharti humsahau. Hana mlango wa kufunga, kwa hiyo hakuna anayemwambia namna ya kufungua. Anakuja na dele lake, makaa chini, vikombe vikigongana mkononi kutangaza kwamba amefika. Watu wazima kwenye baraza wananyoosha mikono. Anamimina, mtu anakunywa mara mbili tatu, anarudisha kikombe. Kikombe kinazamishwa kwenye kopo la maji, kinatikiswa, kinamiminiwa anayefuata. Kopo ni lile lile tangu alasiri.

Kahawa inayochemka haisafishi ukingo wa kikombe, kwa sababu kahawa haifiki ukingoni. Midomo ndiyo inayofika. Wanaokaa baraza hizo wengi ni wazee, na wazee ndio korona iliowachukua zaidi.

Dawa yake si ngumu. Awe na vikombe vya kutosha kiasi kwamba kilichotumika hakirudi mzunguko ule ule. Awe na ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, maana sabuni huvunja ngozi ya mafuta ya virusi kama vya korona, na nyingine ya kusuuzia, inayobadilishwa kila mara. Akiweza kuwa na birika la pili juu ya makaa, vikombe vikikaa nusu dakika ndani ya maji ya nyuzi 77 au zaidi, hata vijidudu vingi vya tumbo hufa. Vikauke kwa hewa, vikiwa vimepinduliwa juu ya sinia. Kile kitambaa kimoja cha kufutia kistaafu. Kashata na tende zifungwe kwenye karatasi kila moja peke yake, au ziokotwe kwa koleo.

Upande wa hewa, yeye ametushinda sote: duka lake ni baraza, na juu yake ni mbingu. Kinachomkosesha usafi ni maji. Mzee hawezi kubeba dele, makaa, vikombe na ndoo mbili kutoka Kibokoni hadi Ndia Kuu. Wewe mwenye hoteli mwenye mfereji karibu na mlango, ukifungua tena, mruhusu ajaze ndoo zake kwako na amwage maji machafu kwenye mtaro wako. Na kaunti inapoandika masharti mengine ya kufungua, iandike pia mahali ambapo wauza kahawa watapata maji.